Kamera ni ya Wengine, Mimi Nipee Fagia

Gikomba hupiga kelele siku yote, isipokuwa ile dakika moja msee wa belo anakata mikanda na kisu. Belo ni kilo 45, imefinywa ikakuwa ngumu ka tofali, na aliyeinunua hajaona ndani. Amelipa kwa imani. Mikanda ikiruka, mikono ishirini zinaingia mara moja. Zile nguo za kwanza kutoka, safi, hazina doa, zingine bado zimening'iniza bei ya Ulaya, ndizo kamera. Hizo ziko na wenyewe: mamanzi wa maduka ya tao, na wale wasee hupiga pamba picha asubuhi na kufika lanchi washauza kwa simu. Jua ikipanda bei inateremka. Soo. Finje. Jioni kilichobaki chini, kimekanyagwa, zipu imeng'oka, goti imepasuka, kinaitwa fagia, na moja unaichukua na mbao.

Mimi ni msee wa fagia. Si ati ni ju ya kusota peke yake, ingawa hata hiyo iko.

Kitambo hii kitu ilikuwa aibu. Tukikua Jericho, ukiingia chuo na kiraka kwa kiwiko ya sweta ungechekwa kutoka Januari mpaka Krisi, na wanaokucheka wenyewe wamevaa sweta za mabro zao. Kila kufungua shule masa alikuwa anaachilia upindo wa suruali, na pale ilikuwa imekunjwa panabaki mstari wa ile rangi ya kwanza, so klasi yote inajua umerefuka inchi ngapi na hamjanunua mpya. Shosh naye alifumua sweta zilizoisha, akazungusha uzi ikawa mpira, halafu akasuka kiondo iko na rangi za familia yote. Kochi ilivalishwa vitambaa vya krosheti, na ole wako uguze na mikono ya chapo. Huko Kariokor tairi ya lori ilikuwa inageuka akala. Hakuna mtu aliita hiyo kuokoa mazingira. Iliitwa kubana.

Siku hizi kiraka ni luku. Mohamed Awale alianzisha Suave, wanashona mabegi na jinsi na majaketi za mtumba kutoka hapo tu Gikomba. Kampala, Bobby Kolade wa Buzigahill alitoa kitu 2022 inaitwa Return to Sender: anararua mtumba, anashona upya, halafu anawauzia walewale wa majuu walioitupa. Hiyo dharau naipenda sana.

Na si eti mzigo itaisha. Mwaka wa 2023 Clean Up Kenya na Changing Markets Foundation walitoa ripoti ikisema nguo zaidi ya milioni 900 za mtumba huingia Kenya kila mwaka, na mob sana haziwezi kuvalika. Wauzaji walikataa hiyo hesabu: nani atalipia kilo kwa kilo anunue taka? Wako na pointi. Hiyo soko inalisha mtaa nzima, kuanzia mbeba mzigo hadi mathe wa chai. Corona ilipofanya serikali ifunge mlango ya mtumba Machi 2020 hadi Agosti, njaa ilionekana kwa macho. Lakini shuka kidogo nyuma ya vibanda, pale Nairobi River inapita. Ukingo si udongo, ni nguo juu ya nguo, na maji inazipeleka pole pole upande wa Dandora, kwa dampo iliyofunguliwa 1975.

Fundi wangu ako Umoja, kwa veranda ya duka ya mayai, na cherehani Butterfly ya kukanyaga. Nilimpelekea fagia ya jinsi kumi na mbili nikamshow nataka blanketi ya viraka. Alizigeuza ka daktari. Nne akanirudishia hapo hapo. "Hizi ni za kuvutika. Ukichanganya na ngumu, ukifua mara moja tu blanketi inakunjamana." Kiraka ngumu kwa ngumu, ya kuvutika kwa ya kuvutika. Hiyo nilikuwa nimekosa kwa video zote nimewatch.

Halafu akatoa kiberiti. Alichomoa uzi kwa kila suruali akawasha. Pamba inanuka karatasi na inabaki jivu. Plastiki inayeyuka, inakuwa katone kagumu na harufu inakupiga mapua. Moja nilikuwa nimeapa ni pamba, kumbe nusu ni plastiki. Hiyo ndiyo iko pale mtoni, na haiozi leo wala kesho. So aliiweka kando iwe mfuko ya sokoni, ju hapo plastiki ni faida: haichoki, na ikinyeshewa inakauka mbio.

Kukata nako ni sayansi. Usikate goti wala mapaja ya ndani, hapo kitambaa imekwisha. Chukua kuanzia goti kushuka, na nyuma ya paja. Sindano nambari 16, ikigoma weka 18. Kila mshono unaupasua katikati na pasi kabla ya kuunga mwingine, ama pale kona nne zinakutana utapata kitu nene ka chapati tatu na sindano inavunjika. Nilivunja mbili. Alinicheka, lakini aliniachia kiti nikamaliza mistari sita za mwisho mwenyewe, zimepinda ka barabara ya Kayole.

Hapo kwa hesabu ndio mimi huchemka. Kuna duka niliona jaketi ya viraka ya thao tano, na kakaratasi imeandikwa vile umeokoa mazingira. Fundi wa mtaa akipunguza suruali anapewa soo, na bado msee anamwambia, "Fundi, si ufanye chwani?" Huyu buda amefufua nguo za mtaa miaka mingi kabla mimi nizaliwe, na hakuna mtu amemuandikia kakaratasi. Nilimlipa blanketi thao mbili. Alihesabu mara mbili, akadhani nimekosea.

Vipande vidogo hatukutupa. Zingine zilikatwa mistari zikafungwa kwa gunia, sasa ni kazulia ka mlango. Makapi yenyewe ilijazwa kwa mto. Mfuko mbili za nyuma niliziacha kwa blanketi vile zilivyokuwa, so Julai hii na baridi yake nalala na simu imeingia mfuko. Masa alikuja keja, akaishika, akageuza upande wa chini kuangalia mishono. Hakusema ni poa. Aliuliza tu kama kuna ingine.

So wiki jana nikarudi Gikomba jioni, nikainama kwa kirundo cha jinsi. Mathe wa fagia akaniangalia.

"We si ndio wa viraka?"

Nikasema eeh.

"Basi siku hizi ni finje. Mmekuja wengi."