Kubanwa, Si Kukanyagwa

Chora mraba wa mita moja kila upande uani kwako. Weka watu wawili ndani: wanapiga soga. Wanne: mabega yanagusana, lakini bado wanaweza kugeuka. Wakifika sita au saba, hakuna tena anayechagua pa kuweka mguu. Mmoja akiyumba, wote wanayumba, kama maji ndani ya ndoo. Hapo mtu anaweza kufa akiwa wima.

Kila msiba wa aina hii unapotokea tunaambiwa watu walikanyagana. Mara nyingi kinachoua ni kubanwa. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mbavu hazipanuki, hewa haiingii. Anayekufa hawezi hata kupiga yowe, maana yowe linataka pumzi. Na walio nyuma wanaona migongo tu. Wanasukuma kidogo kidogo, bila nia mbaya.

Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 159 walipoteza maisha katika kichochoro cha Itaewon, Seoul. Siku hiyo hiyo Kinshasa, kwenye tamasha la mwanamuziki Fally Ipupa katika Stade des Martyrs, walikufa 11, wawili wao polisi. Lakini kisa kinachonijia zaidi nikiwa hapa Bunia, mkoani Ituri, Kongo, ni cha Moshi, Tanzania, 1 Februari 2020: waumini 20 walikufa uwanjani walipokimbilia mafuta ya upako. Mikutano ya injili tunayo sisi pia, na mhubiri mwenye kipaza sauti ana nguvu kuliko kikosi cha polisi. Neno lake moja, “njooni mbele”, linaweza kuhamisha maelfu kwa dakika moja. Basi wahudumu wasambazwe uwanja mzima, mafuta yawafuate watu pale walipo.

Sisi tuna tatizo letu jingine. Tangu utawala wa kijeshi uanze Ituri, Mei 2021, na hata kabla yake, hofu ya silaha imetuzoesha kupenda mlango mmoja mwembamba ambapo kila anayeingia anapekuliwa. Kupekua ni sawa kabisa. Ila foleni ianzie mbali na ukuta, na milango mingine isifungwe kwa kufuli: kila mmoja uwe na mtu wake, ufunguo mkononi, hadi mtu wa mwisho atoke. Mlio mmoja tu, hata wa tairi la pikipiki, unatosha kuwakimbiza watu waliozoea risasi. Na wakishasongamana, fimbo na moshi wa kutoa machozi huzidisha msukumo. Kwanza wazuiwe walio nyuma kabisa, ndipo walio mbele wapate nafasi.

Ukijikuta katikati, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia, ulinde nafasi ya kupumua. Mtoto mpandishe mabegani. Usishindane na msukumo. Msukumo ukitulia kidogo, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kiatu kikikuvuka, kiache.