Usitupe Begi Kitandani: Namna ya Kuepuka Kunguni Unapolala Gestini

Basi la usiku kutoka Nairobi likikushusha Voi saa tisa usiku, hutaki mazungumzo. Unataka kitanda. Unalipa mapokezini, unapewa ufunguo na kipande cha sabuni, unafungua mlango, unatupa begi kitandani, kisha na wewe unajitupa kando yake. Wengi wetu tumefanya hivyo. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana katika mji mmoja nje ya kaunti yetu, nilikokwenda kwa mafunzo ya siku mbili, nikarudi nyumbani na kunguni. Kuwaondoa kulinichukua karibu miezi mitatu, godoro moja na pesa ambazo bado naona uchungu kuzihesabu.

Nilipoanza kuwaeleza wenzangu kazini, kwa sauti ya chini, niligundua kwamba karibu kila mmoja ana kisa chake na hakuna aliyewahi kukisimulia. Ndiyo sababu ya makala haya. Kaunti ya Taita Taveta iko njiani. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi inapita Voi, reli ya SGR ina kituo hapo, barabara ya Taveta inaelekea mpakani Holili, na wageni wa mbuga za Tsavo huingia na kutoka mwaka mzima. Vitanda vyetu hulaliwa na watu wa kila pembe, nasi tunalala katika vyao tukienda harusini, matangani, hospitalini au semina.

Kunguni hana mabawa na haruki kama kiroboto. Anatembea tu. Kwa miguu yake anaweza kufika chumba cha jirani, lakini akijificha kwenye mshono wa begi lako atafika Mombasa pamoja nawe bila kulipa nauli. Mkubwa wake ana urefu wa milimita 5 hivi, ni bapa na wa rangi ya hudhurungi. Fikiria punje ya ndengu iliyobanwa. Wachanga ni wadogo kuliko mbegu ya simsim na rangi yao ni hafifu, kwa hivyo macho huwapita kwa urahisi. Mayai ni meupe, yenye ukubwa wa kama milimita 1, nayo hugandishwa kwenye nyufa. Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 200 maishani mwake. Hii ina maana kwamba jike mmoja aliyekwisha kupandwa akiingia kwenye begi, ametosha.

Tofauti na chawa, kunguni haishi mwilini mwa mtu. Hutoka usiku, akivutwa na joto la mwili na pumzi zetu, hunyonya damu kwa dakika 5 hadi 10, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, ndiyo maana kukifunga chumba kwa wiki mbili hakusaidii kitu.

Kuna mambo mawili ambayo watu huniuliza kila mara. La kwanza ni ugonjwa. Hakuna ushahidi kwamba kunguni humwambukiza mtu virusi vya UKIMWI au malaria. Madhara yake ni mwasho, vidonda vinavyoingia uchafu kwa kujikuna, na kukosa usingizi, jambo ambalo aliyewahi kulipitia hawezi kulidharau. Hata hivyo, ukipata homa baada ya safari, usiseme ni kunguni; nenda kituo cha afya ukapimwe malaria. La pili ni vipele. Huweza kutokea kwa mstari au kwa kundi, saa chache au hata siku kadhaa baada ya kuumwa, na kuna watu ambao ngozi zao hazionyeshi chochote. Mimi niliwashwa kila asubuhi. Mume wangu, tunayelala kitanda kimoja, hakuwa na kipele hata kimoja, na kwa wiki mbili alishikilia kwamba ni mbu.

Tena si suala la uchafu. Kunguni hafuati takataka, anafuata damu, na damu ya mgeni wa hoteli ya kifahari ni ileile ya mgeni wa chumba cha shilingi 600. Mwezi wa Septemba na Oktoba 2023, jiji la Paris lilikumbwa na taharuki ya kunguni, chini ya mwaka mmoja kabla ya kuandaa Michezo ya Olimpiki. Julai mwaka huo shirika la serikali ya Ufaransa la usalama wa afya, ANSES, lilikuwa limesema kwamba karibu asilimia 11 ya nyumba nchini humo ziliingiliwa na kunguni kati ya 2017 na 2022. Ikiwa Wafaransa wanajikuna hadharani, sioni kwa nini sisi tujikune kwa siri. Uchafu na vitu vilivyorundikana humwongezea tu mahali pa kujificha.

Dakika kumi za kwanza chumbani

Ukifungua mlango, begi lisiguse kitanda. Lipeleke bafuni, kwenye sakafu ya saruji au vigae, au liweke juu ya kiti cha plastiki mbali na ukuta. Washa taa, kisha uwashe na tochi ya simu, kwa sababu taa za vyumba vingi vya bei nafuu ni za kukuonyesha mlango tu.

Anzia upande wa kichwani. Inua foronya uangalie pembe za mto. Kunja shuka kutoka pembeni na uchunguze mshono wa godoro kwa ukucha, polepole, ukizunguka pembe zote mbili za juu. Usitafute mdudu peke yake. Alama zake ndizo zinazoonekana mara nyingi zaidi: vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu, ambavyo ukivisugua kwa karatasi iliyolowa huenea na kuwa vya hudhurungi, ngozi nyepesi kama ganda, ambazo kunguni huvua anapokua, na vidoa vya damu kwenye shuka. Kisha inua godoro uangalie chaga, hasa pale zinapokaa kwenye fremu, na viungo vya matendegu. Kitanda cha chuma nacho kisikudanganye. Mabomba yake yaliyo wazi mwishoni ni makazi mazuri kabisa.

Ukimaliza kitandani, angaza ubao wa kichwani na ukuta ulio nyuma yake. Tazama mishono ya neti na fundo lake la juu, pindo la pazia, fremu ya picha, nyufa za plasta na kando ya soketi bila kuingiza kitu ndani yake. Angalia na ukuta wenyewe kwa kimo cha mtu aliyelala. Mistari mifupi ya rangi ya kutu mara nyingi ni kazi ya mgeni aliyekutangulia, aliyekuwa akiwaponda kwa kidole usiku. Chumba kikinuka dawa kali, usiridhike kwamba kimesafishwa. Uliza ilipulizwa lini na kwa sababu gani.

Mimi niliviona vile vidoa vyeusi. Nilidhani ni kuvu. Asubuhi nilipojua si kuvu, niliona haya kusema, nikarudisha ufunguo, nikashukuru na kuondoka. Sijui ni nani aliyelala kitanda kile usiku uliofuata.

Ukikuta dalili, piga picha na urudi mapokezini kabla hujafungua begi. Omba chumba kingine kisichopakana na hicho, wala kilicho juu au chini yake moja kwa moja, na huko nako ukague upya. Kama hakuna, omba pesa zako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaofaa na ya kulindwa afya yake, na chumba ulicholipia ni huduma. Zungumza kwa utaratibu. Kijana anayekesha mapokezini saa tisa usiku si mwenye nyumba, na huenda naye anaumwa na walewale.

Zipo nyakati ambazo huna pa kwenda. Kuna mazishi, mji umejaa, na chumba ni hicho hicho. Basi vuta kitanda kiache ukuta, pandisha shuka na blanketi visiguse sakafu, chomeka neti chini ya godoro, na uache begi bafuni likiwa limefungwa zipu, nguo zote zikiwa ndani. Kuacha taa ikiwaka hakuwazuii wenye njaa.

Kurudi nyumbani

Hapa ndipo vita hushindwa au hupotezwa. Begi lisiingie chumba cha kulala. Lifungulie nje, kibarazani, kukiwa na mwanga. Nguo zote, zilizovaliwa na zisizovaliwa, ziingie moja kwa moja kwenye karai la maji ya moto. Joto la nyuzi 60 linaua kunguni na mayai yake, na maji ya joto hilo huwezi kutia mkono, kwa hivyo tumia mwiko na uwaweke watoto mbali. Ziache humo nusu saa. Nguo isiyostahimili maji ya moto ipigwe pasi, ukikaza kwenye mishono na mikanda. Kama huna nafasi ya kufua siku hiyo, zifungie kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza. Mifuko ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na ndoo ni bora zaidi hata hivyo.

Begi lenyewe lipigwe brashi kwenye mishono na mifuko yote. Jua husaidia, lakini lisitegemewe peke yake. Ukianika begi au godoro, kunguni huhamia upande wenye kivuli na kungoja jioni. Wenye watoto katika shule za bweni wafanye vivyo hivyo shule zinapofungwa, kwa sanduku la bati na godoro.

Kosa langu kubwa lilikuwa dawa. Nilinunua sokoni kichupa kisicho na karatasi yoyote, nikapulizia godoro, na usiku ule tukalala madirisha yakiwa wazi huku mtoto akikohoa. Usifanye hivyo. Dawa ya kuua wadudu wa mboga haikutengenezwa kwa kitanda, na kumwaga mafuta ya taa au petroli kwenye chaga kumechoma nyumba za watu. Dawa halali nchini husajiliwa na bodi inayojulikana kama PCPB, na nambari ya usajili yenye herufi hizo huandikwa kwenye chupa. Isome kabla ya kulipa, kisha usome ni mahali gani imeruhusiwa kutumika.

Hata dawa iliyosajiliwa inaweza kushindwa, na hili linatuhusu sana sisi wa Pwani. Mwaka 2002 watafiti nchini Tanzania walichapisha matokeo kuhusu kunguni waliokuwa sugu kwa dawa zinazotiwa kwenye neti za mbu. Baadhi ya watu huona kunguni kwenye neti wakaamua kwamba neti ndiyo iliyowaleta, wakaivua. Neti haileti kunguni. Wao hujificha kwenye mishono yake kama wanavyojificha penginepo. Ifue neti kwa maji ya kawaida na sabuni ya kipande, ianike kivulini, uitundike tena usiku huohuo. Mbu wa Taveta hawakungojei umalize vita vyako na kunguni.

Kwa wenye gesti na lojing'i

Mgeni akikuletea picha ya kunguni, amekufanyia hisani. Funga chumba hicho na ukague vinavyopakana nacho. Usihamishie godoro lake chumba cha pili, wala usiliuze. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto, maji yanayochemka yamwagwe kwenye viungo vya kitanda, nyufa za ukuta zizibwe, na mpulizaji dawa arudi baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai huponea mara ya kwanza na kuanguliwa ndani ya siku chache. Anayekuahidi kumaliza kwa ziara moja anakudanganya. Mfunze anayetandika vitanda kuangalia mishono kila anapobadilisha shuka, na asiogope kukwambia alichokiona.

Afya ya umma na leseni za biashara ni majukumu ya kaunti chini ya Katiba. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawapa maafisa uwezo wa kukagua majengo na kumpa mwenyewe notisi ya kuondoa kero inayohatarisha afya. Hata hivyo, huna haja ya kungoja notisi. Unaweza kumwita afisa wewe mwenyewe akushauri.

Mgeni aliyelalamika mapokezini bila kusikizwa anaweza kuripoti kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, au katika ofisi za kaunti ndogo zilizoko Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Beba jina la nyumba, nambari ya chumba, tarehe uliyolala, picha ulizopiga na risiti kama ulipewa. Kwa aliyelala nje ya kaunti yetu, ripoti iende kwa afisa wa kaunti ile. Mimi niliandika yangu nikiwa nimechelewa miezi minne, na chumba kilikuwa nambari 7.