Kilomita 33 kwa Siku

Mwezi wa Novemba mwaka 1962, majuma machache tu baada ya bendera ya Uganda kupandishwa Kololo, kijana mmoja wa Kijerumani aitwaye Heinz Stücke aliondoka katika mji mdogo wa Hövelhof juu ya baiskeli ya gia tatu. Alikuwa na umri wa miaka 22, na kazi yake ilikuwa kutengeneza zana za mitambo kiwandani. Hakurudi kukaa kwao mpaka mwaka 2014, akiwa mzee wa miaka 74.

Katika muda huo alizifikia karibu nchi zote za dunia, na jumla ya mwendo wake ilipita kilomita 600,000, yaani kiasi cha kuizunguka dunia mara kumi na tano. Watu wakiisikia hesabu hiyo hushika vichwa. Mimi, kwa kuwa niliwahi kufundisha hesabu katika shule ya msingi, nilichukua kalamu nikagawanya. Kilomita hizo zikitandazwa katika miaka hamsini ni kilomita 12,000 kwa mwaka, na kwa siku moja ni kama kilomita 33. Basi! Askari aliye mafunzoni huweza kuzimaliza kwa miguu, tena na mzigo mgongoni. Kijana wa bodaboda mjini Kampala huzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mwendo wenyewe haukuwa wa ajabu hata kidogo. La ajabu ni kwamba siku hizo zote zilikuwa zake.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: fedha alizipata wapi? Hakuwa tajiri, wala hakurithi mali. Alichapisha kijitabu kidogo cha safari zake, akakiuza pamoja na picha alizozipiga mwenyewe kwa watu aliokutana nao njiani. Aidha, matumizi yake yalikuwa machache kwa sababu moja ambayo akina mama wataielewa upesi kuliko sisi waume: alikuwa na wakati. Mwenye haraka hununua kila kitu. Hununua tiketi, chumba cha hoteli, chakula kilichokwisha kupikwa, na hata mtu wa kumwonyesha njia. Asiye na haraka hupika mwenyewe, hulala hemani, huingoja mvua ipite, na njia huiuliza kwa wachunga ng'ombe. Mama anayezizunguka meza zote za soko kabla ya kuufungua mkoba wake anaijua elimu hiyo, ingawa hajawahi kupanda baiskeli.

Tena, kwa kuwa hakuwa na akiba kubwa ya kuegemea, kila asubuhi ilimjia na shughuli zake. Maji yako wapi? Kilima kile kina urefu gani? Leo nitalala wapi? Mtu mwenye maswali kama hayo hana nafasi ya kukaa akiuwaza mwaka ujao. Wengi wetu husema tunataka kuishi siku iliyopo, lakini mshahara wa leo tulikwisha kuula mwezi uliopita, na mawazo yamekwisha kutangulia kwenye pensheni.

Nisieleweke kwamba namsifu bila kipimo. Nyuki walimvamia akioga mtoni Msumbiji. Kusini mwa Afrika risasi ilimpata mguuni, na katika jangwa la Atacama huko Chile aligongwa na lori. Mwaka 2006, alipofika Portsmouth nchini Uingereza, baiskeli iliibwa, kisha ikapatikana. Hayo ni ya njiani, nayo hupona. Lakini hakuwa na mke wala watoto wa kumngoja, na fikira hiyo hunisumbua kuliko risasi. Katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo angeitiwa kikao cha wazee kabla hajavuka mto wa kwanza. Nampima kwa mizani ya nyumbani kwangu, maana sina nyingine.

Nilimsimulia habari hizi jirani yangu, sajini mstaafu, naye akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "huyo tofauti yake na sisi ni kwamba hakupewa amri ya uhamisho." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: Jinja, Mbarara, Gulu, Moroto. Kila mara walikwenda na sanduku moja la bati, magodoro na jiko la makaa. "Lakini, Afande, uliona mengi," nikamwambia. Alinyamaza kidogo. "Mke wangu ndiye aliyeona. Gulu alijifunza kupika malakwang kwa wanawake wa sokoni, na mpaka leo huipika. Mimi nilikuwa nikihesabu siku za likizo."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nami nilifanya vivyo hivyo. Nilipopata cheti cha ualimu nilipelekwa kufundisha karibu na Moroto, nikakaa miaka miwili. Mlima Moroto, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, ulikuwa mbele ya macho yangu kila nilipofungua dirisha. Wanafunzi walinialika mara kwa mara niende nao mpaka kwenye miamba yake, na kila mara niliwajibu, "Muhula ujao." Ukutani nilitundika kalenda, na kila jioni niliikata tarehe kwa kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia madaftari. Niliondoka nikijua salamu tu za Kikaramojong. Leo nikijaribu kuikumbuka miaka ile, naikumbuka kalenda.

Basi, mimi na mke wangu tumekata shauri kwamba likizo ya Desemba tutakwenda huko pamoja na watoto. Basi la abiria laweza kutufikisha kwa siku moja. Sisi tutatumia siku tano. Tutalala Mbale kwa shemeji yangu aliye askari polisi, kisha Soroti kwa rafiki tuliyesoma naye chuoni, na watoto watazunguka masoko ya miji hiyo bila kuulizwa saa. Nauli ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya fedha zetu. Mengine tutayabeba: jiko dogo la mafuta ya taa, sufuria mbili, mablanketi, unga wa posho, na karanga za kusaga, ambazo husafiri siku nyingi bila kuharibika na hufanya mboga yoyote ya porini iweze kuliwa na mtoto mkaidi.

Sisi si Stücke. Likizo ina mwisho wake, na shule zitafunguliwa. Karo ya watoto imekwisha kutengwa katika bahasha, ambayo mke wangu ameificha mahali nisipopajua.