Usukani Mgumu Baada ya Matengenezo: Pima Kwanza, Lalamika Baadaye

Ndugu wasomaji wetu wa Dzaleka, Dowa na Lilongwe, pamoja nanyi mlioko mpakani kule Karonga na Songwe: katika toleo hili tunazungumzia jambo linaloanzia karakana na mara nyingine kuishia mbele ya meza ya polisi. Nalo ni usukani wa gari la zamani unaogeuka kuwa mgumu mara tu gari linapotoka kutengenezwa.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Area 47 ana gari dogo la Kijapani lenye umri wa miaka ishirini na ushei. Pampu ya usukani inavuja, naye analipeleka kwa fundi wa Dzaleka aliyesifiwa na jirani. Pampu inabadilishwa, fedha zinalipwa, na gari linarudi mjini kwa barabara ya M1 kupitia Lumbadzi na Kanengo bila tatizo. Jioni, anapokata kona kuingia langoni kwake, usukani unamlazimu auvute kwa mikono miwili kama mpiga kasia. Kesho yake anadai kwamba fundi amemwekea pampu mbovu. Fundi naye anaapa kwamba pampu ni nzima, na anahisi kuwa anaitwa mwizi kwa sababu tu ni mkimbizi.

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Pampu yaweza kuwa nzima na usukani ukawa mgumu, kwa kuwa ndani ya mfumo umebaki upepo ambao haukutolewa. Ni kazi iliyoachwa kabla ya kumalizika, wala si wizi. Kwa hiyo tumeona heri tueleze namna ya kuipima hitilafu hii, ili anayelalamika alalamike kwa haki na anayejitetea ajitetee kwa ushahidi.

Usukani husaidiwaje?

Katika magari mengi ya zamani, usukani husaidiwa na mafuta. Mkanda unaozungushwa na injini huendesha pampu. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu kupitia mpira maalumu hadi kwenye raki ya usukani. Mafuta hayo huisukuma raki upande ambao dereva amegeuzia, kisha hurudi kwenye chupa yake kwa mpira mwingine. Nguvu ya mafuta hayo inaweza kupita mara 30 ya ile ya upepo wa tairi. Kwa sababu hiyo, asiwepo mtu wa kutafuta tundu la mpira kwa kupapasa na vidole injini ikiwa inawaka: mafuta yanayochomoka kwenye tundu dogo huweza kupenya ngozi.

Magari mengine, kama Toyota Vitz na Honda Fit, husaidiwa na mota ya umeme. Hayo tutayaeleza mbele.

Gari likiwa katika mwendo, magurudumu hugeuka kwa wepesi hata msaada ukipungua. Ndiyo maana mwenye gari wa mfano wetu hakuhisi kitu barabarani, akahisi langoni. Msaada huhitajika zaidi gari likiwa linakwenda polepole au limesimama.

Kwa nini polisi tunalijali jambo hili?

Kwa sababu dereva hagundui uzito wa usukani siku ya safari tulivu. Huugundua mtoto anapokatiza barabara ghafla, au mbele ya lori lililosimama bila taa usiku. Wasomaji wetu wa kaskazini wanazijua kona za Chiweta, pale barabara ya M1 inapopanda mlima kutoka kando ya ziwa. Huko dereva hugeuza kona kali kwa mwendo mdogo, moja baada ya nyingine. Na mwendo mdogo ndio hasa unaohitaji msaada wa usukani.

Hapa hatuna budi kukemea tabia moja. Wapo madereva ambao, kwa kubana matumizi ya petroli, huzima injini kwenye mteremko na kuliacha gari lishuke lenyewe. Injini ikizimika, pampu ya usukani nayo husimama. Breki nazo hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu. Na dereva akiurudisha ufunguo hadi mwisho na kuuchomoa, usukani unaweza kujifunga kabisa. Petroli inayookolewa hapo haifikii thamani ya roho moja ya abiria.

Vipimo vitano vya kuanzia

Vipimo hivi havihitaji vifaa vya gharama. Vifanyeni mahali tambarare, pasipo na watoto.

Kwanza, pimeni upepo wa tairi za mbele zikiwa zimepoa, mlinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lililolegea, au lililo pana kuliko la asili, hutosha kuufanya usukani uwe mzito.

Pili, gari likiwa limesimama na ufunguo umefunguliwa bila kuwasha injini, geuzeni usukani kidogo muusikie uzito wake. Kisha washeni injini. Usukani unapaswa kulegea mkononi papo hapo. Usipobadilika hata kidogo, msaada haupo kabisa: tazameni mkanda, mafuta, na kwa gari la mota, fyuzi.

Tatu, injini ikiwa inawaka na gia ikiwa huru, kanyageni mafuta kidogo. Usukani ukiwa mgumu injini inapotulia na kulegea injini inapokazwa, shukuni mkanda uliolegea, upepo ndani ya mafuta, au pampu iliyochoka.

Nne, fundi ainue magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyaegemeza juu ya stendi imara, kisha ageuze usukani injini ikiwa imezimwa. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu. Usukani ukiwa mgumu hata magurudumu yakiwa hewani, au ukikwama na kuachia, tatizo halimo kwenye mafuta. Kuna chuma kinachobana.

Tano, katika mwendo wa polepole, kateni kona kisha mlegeze mikono. Usukani unapaswa kurudi katikati wenyewe. Ukibaki ulipogeuziwa, kuna kiungo kinachokaza au mpangilio wa magurudumu umeharibika.

Anza na kilichoguswa mwisho

Ikiwa usukani ulikuwa mwepesi kabla ya matengenezo, chanzo hutafutwa kwanza pale mkono wa fundi ulipopita.

Kama ilibadilishwa pampu, mpira au raki, mshukiwa wa kwanza ni upepo, na wa pili ni mpira uliopindwa au kubanwa wakati wa kufunga. Chujio lililomo ndani ya chupa likiziba uchafu wa pampu ya zamani, nalo huinyima pampu mpya mafuta.

Kama ulibadilishwa mkanda, bonyezeni kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, injini ikiwa imezimwa. Katika magari mengi hubonyea kiasi cha sentimita moja. Ukilia wakati usukani umegeuzwa hadi mwisho, umelegea au umelowa mafuta. Mkanda mpya hutanuka siku za mwanzo, kwa hiyo fundi aukaze tena baada ya siku chache.

Kama zilibadilishwa shokapu za mbele, tazameni beringi ya juu. Ikisahauliwa au ikifungwa kinyume, springi hujipinda badala ya kuzunguka, na usukani hukaza huku ukitoa mlio wa kuruka.

Kama zilibadilishwa bolijointi au tairodi, huenda moja imekaza mno. Fundi akizifungua tairodi kwenye magurudumu, upande mmoja baada ya mwingine, atajua ni upande upi unaobana.

Kama iliguswa raki, huenda skrubu yake ya kurekebishia imekazwa kupita kiasi ili kuondoa mlegeo. Na kama usukani unakaza na kulegea mara mbili katika kila mzunguko, kagueni kiungo cha msalaba kwenye mhimili unaoshuka kutoka kwenye usukani, kutu humkalia.

Namna ya kutoa upepo

Kazi hii ndiyo inayorukwa zaidi, ingawa haina gharama ila subira. Magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi na injini imezimwa, chupa hujazwa mafuta hadi alama. Usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, mara kumi hadi ishirini, huku msaidizi akiongeza mafuta kila yanaposhuka. Kisha injini huwashwa na zoezi hurudiwa polepole. Usukani usishikiliwe mwisho wa mzunguko zaidi ya sekunde tano, maana pampu huchemka.

Mafuta yakiwa na povu au rangi ya maziwa, upepo bado umo. Zimeni injini, mngoje povu litulie, mrudie. Kazi imekwisha pale mafuta yanapokuwa maangavu, pampu hainung'uniki, na kiasi hakipandi wala kushuka sana injini inapozimwa.

Neno moja, chupa nyingi

Katika Kiswahili, na katika Kichewa vilevile, neno ni lile lile: mafuta. Ya kupikia ni mafuta, ya injini ni mafuta, ya breki ni mafuta, ya usukani ni mafuta. Mteja wa Area 47 akitumwa dukani kununua "mafuta", anaweza kurudi na chupa isiyo yake, na hapo hakuna aliyedanganya.

Mafuta ya breki yakitiwa kwenye usukani huharibu mipira ya kuzuia uvujaji, na hasara yake hufika hadi kwenye raki. Magari mengi ya Toyota ya zamani hutumia mafuta ya gia otomatiki aina ya Dexron. Honda hutaka mafuta yake maalumu. Someni maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha chupa ya gari au kwenye kitabu chake, mwandike jina hilo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

Magari ya mota ya umeme

Hapa hakuna mafuta wala upepo wa kutoa. Baada ya matengenezo, tazameni kwanza vichwa vya betri kama vimekazwa, kisha betri yenyewe kama ina nguvu, kisha fyuzi, kisha soketi za nyaya zilizofunguliwa. Taa ya usukani kwenye dashibodi huwaka unapofungua ufunguo na kuzimika injini inapowaka. Ikibaki inawaka, gari lipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Kihisi cha usukani kikiguswa, mara nyingi huhitaji kupangwa upya, na spana haiwezi kazi hiyo.

Mteja na fundi wakishindwa kuelewana

Hatua njema huanza kabla ya kazi. Karatasi moja iandikwe: kifaa gani kinatolewa, kipi kinawekwa, kipya au kilichotumika, mafuta ya aina gani, na bei. Kifaa cha zamani arudishiwe mwenye gari. Kazi ikiisha, wote wawili wapande gari, wageuze usukani gari likiwa limesimama, kisha katika mwendo, kabla ya fedha za mwisho kulipwa.

Hitilafu ikitokea baadaye, fundi apewe nafasi ya kulitazama gari tena, na asiione nafasi hiyo kuwa ni tusi. Wakishindwana, wamwite fundi wa tatu wanayemwamini wote wawili. Viongozi wa jamii kambini na kamati za polisi jamii mitaani wanaweza kuwasuluhisha. Si ruhusa mteja kumnyang'anya fundi vifaa vyake, wala fundi kulizuia gari kwa vitisho.

Polisi hatukusanyi madeni, wala hatuamui ubora wa ufundi. Lakini mtu akiuza pampu kuukuu kwa kuidai kuwa mpya, au akichukua malipo ya awali na kutoweka, huo ni udanganyifu, na milango yetu iko wazi kwa mlalamikaji yeyote, raia au mkimbizi. Ile karatasi na kile kifaa cha zamani ndivyo vitakavyotusaidia kupambanua.

Mwisho, tukumbushane kwamba Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya Malawi ya mwaka 1997 haimruhusu mtu kuendesha gari lisilofaa barabarani. Cheti cha ukaguzi kutoka Kurugenzi ya Usafiri na Usalama Barabarani hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakisemi lolote juu ya pampu iliyofungwa jana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usukani ukiwa mgumu, gari lisimame hapo lilipo na fundi aitwe, hata kama abiria wanangoja.