Je, Wajua? Presha ya Chini na Moyo Ulioshindwa Kazi

Moyo unaposhindwa kazi hadi hatua za juu, presha ya chini huwa ishara mbaya, kwa kuwa misuli iliyodhoofika haisukumi tena damu ya kutosha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wenye wagonjwa 48,612 waliolazwa, ulionyesha tofauti ya kushtua: kati ya waliopokelewa na namba ya juu ya presha chini ya 120, asilimia 7.2 walifia hospitalini. Kati ya waliozidi 161, asilimia 1.7 tu. Pengo kati ya namba ya juu na ya chini nalo lina maana. Likiwa chini ya robo ya namba ya juu, mathalani 90 kwa 70, mara nyingi moyo unatoa damu kidogo mno. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa za moyo kwa sababu tu zinashusha presha. Amwone daktari kwanza.