Kumpiga Picha Mdudu wa Bustani kwa Karibu

Juma lililopita tulisoma namna ya kumwandikia barua bwana shamba. Leo tutajifunza kuitilia barua hiyo picha ya mdudu, tena picha inayosomeka.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na matuta mawili ya sukumawiki nyuma ya nyumba. Asubuhi moja nikaona wadudu wadogo weusi, wenye alama za rangi ya chungwa na miili ya miiba-miiba, wakitambaa juu ya majani kama mamba wadogo. Sikuuliza mtu. Niliwasaga wote kwa vidole, nikanawa mikono, nikaenda zangu kazini. Baada ya majuma mawili majani yalikuwa yamejikunja, yamejaa wadudu mafuta, ambao wengine huwaita vidukari. Baadaye nilionyeshwa picha iliyopigwa kwa karibu, nikawatambua wale niliowaua. Walikuwa watoto wa yule mdudu mviringo mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni. Mtoto huyo hafanani na mama yake hata kidogo, na chakula chake ni hao hao wadudu mafuta. Kumbe niliua askari wangu, nikawaacha wezi.

Siku hizi simu yenye kamera imo katika nyumba nyingi, na kama haimo, jirani anayo. Lakini picha nyingi za wadudu zinazopigwa kwa simu huwa doa la kijani tu. Kwa nini? Tufanye jaribio. Nyosha mkono, utazame ncha ya kidole chako. Sasa kilete kidole polepole mpaka karibu na pua. Fanyeni hivyo sasa, nitangoja.

Mmeona? Kidole kikikaribia mno, huonekana kama kimo katika ukungu. Jicho lina mpaka wake, na jicho la kamera nalo lina mpaka wake. Simu hazilingani, lakini kwa nyingi mpaka huo ni kama upana wa kiganja. Basi usiisukume simu mpaka ikamguse mdudu. Iweke mbali kidogo kuliko moyo wako unavyotaka. Gusa kioo cha simu pale mdudu anapoonekana, ngoja picha itulie, ndipo upige. Baadaye utaikuza kwa vidole viwili. Ukitaka kukaribia zaidi, tafuta kioo cha kukuzia, kile ambacho wazee husomea maandishi madogo, ukishike kikiwa kimegusana na jicho la kamera. Hapo utaweza kumsogelea sana.

Kuna jambo jingine, nalo huwasumbua hata wapiga picha wa kazi. Kadiri unavyokaribia, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba. Macho ya panzi yatakuwa safi kabisa, na miguu yake ya nyuma itakuwa imezama katika ukungu. Dawa yake ni kuilaza simu sawasawa na mwili wa mdudu. Akiwa amelala juu ya jani, simu nayo ikae juu yake kama mfuniko juu ya sufuria.

Nenda bustanini asubuhi na mapema. Mdudu hupata joto lake kutoka nje, kwa hiyo kukiwa na baridi huwa mzito, hakimbii. Upepo pia huwa haujaanza. Kivuli chako kisimwangukie. Na washawasha usimshike kwa mkono. Kamera haiwashwi, wewe utawashwa.

Sasa tuje kwenye mahindi, maana hapa ndipo chakula cha nyumba kilipo. Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Mwaka 2016 aligunduliwa Afrika Magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha fika Kenya na Tanzania. Hujificha katika moyo wa mhindi, akiacha majani yenye matundu na kinyesi kama unga wa mbao uliokatwa kwa msumeno. Wako viwavi wengine wanaokula mahindi, na kwa kuwatazama ukiwa umesimama wote ni viwavi tu. Tofauti imo katika alama ndogo sana. Usoni pake pana mistari myeupe iliyokutana kama herufi Y iliyopinduliwa, miguu yake juu. Lakini usitegemee uso peke yake. Tazama karibu na mkia, utaona madoa meusi manne yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Hayo manne ndiyo anayoyatafuta bwana shamba.

Kwa hiyo picha moja haitoshi. Piga ya kichwa, kisha ya mkia, na nyingine ya mwili mzima kutoka juu. Mtoe kiwavi kwa kijiti, mweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, na kando yake weka rula. Egemeza viwiko juu ya magoti ili mikono isitikisike. Piga picha kumi, ubakize tatu. Kiwavi mchanga sana alama zake bado ni hafifu, basi mtafute aliyekua kidogo, lakini usingoje siku nyingi. Akisha kuwa mkubwa ndani ya moyo wa mhindi, kinyesi chake huziba njia, na dawa unayonyunyiza haimfikii. Fedha imekwenda, kiwavi yupo. Katika shamba dogo, aliyemtambua mapema huweza kumwua kwa mkono, yeye na mayai yake.

Kazi ya juma hili: kila mmoja apige picha ya mdudu mmoja, au aipige pamoja na jirani mwenye simu. Chini yake aandike tarehe, jina la mmea, sehemu ya mmea alipokuwa mdudu, na urefu wake kwa rula. Msimwue mpaka mjue ni nani. Walimu wazikusanye picha hizo, nasi juma lijalo tutasoma namna ya kueleza rangi na umbo kwa maneno machache. Kwaherini.