UZI: "Treni zinafika kwa wakati." Sawa, lakini wakati gani?

1/ Mdahalo ukigusa usafiri, hukosi kusikia: "Siku hizi asilimia 90 ya treni zinafika kwa wakati!" Upande wa pili unajibu: "Uongo! Wananchi wanashinda stesheni!" Cha ajabu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Twende pole pole. Sitaji mtu wala chama.

2/ Kwanza, kuchelewa ni dakika ngapi? Ujerumani, treni iliyochelewa chini ya dakika 6 huhesabiwa imefika kwa wakati. Uswisi ni chini ya dakika 3. Uingereza, kipimo cha zamani kilisamehe dakika 5 kwa safari fupi na 10 kwa safari ndefu. Tangu 2019 wana kingine kikali: hakisamehi hata dakika moja nzima. Kwa hivyo mtu akilinganisha asilimia za nchi mbili bila kusema kipimo, huyo analinganisha kilo na lita.

3/ Pili, imepimwa wapi? Kipimo kile cha zamani cha Uingereza kiliangalia saa ya kufika kituo cha mwisho tu. Chukua mfano wa kwetu: tuseme treni ya SGR inayosimama vituo vya kati ichelewe dakika 20 Voi, kisha ifidie njiani na kuingia Nairobi kwa saa yake. Ukipima Nairobi pekee, kila kitu kiko shwari. Aliyekosa matatu ya Taveta pale Voi haonekani popote.

4/ Tatu, ratiba yenyewe. Safari ya saa 5 ikiandikwa saa 5 na dakika 20, takwimu zitapanda bila treni kuongeza kasi hata kidogo. Si lazima iwe ujanja, maana kila ratiba huhitaji akiba ya dakika za dharura. Ila uliza: mwaka jana safari hiyo hiyo iliandikwa muda gani?

5/ Nne, zilizofutwa ziko wapi? Kwa hesabu ya Ujerumani, treni iliyofutwa haiingii kwenye asilimia ya kufika kwa wakati. Haikufika, basi haikuchelewa! Kipimo cha zamani cha Uingereza kilikuwa tofauti: treni ikifutwa, au ikiruka kituo, imefeli.

6/ Tano, tunahesabu treni ama watu? Mfano wa kubuni: treni 10 kwa siku. Mbili za asubuhi zina abiria 1,000 kila moja, na zote mbili zimechelewa. Nane za baadaye zina abiria 100 kila moja, na zimefika sawa. Kwa treni, ni asilimia 80. Kwa watu, ni 800 kati ya 2,800, yaani hata asilimia 29 haifiki. Namba zote mbili ni za kweli. Moja inapendeza jukwaani, nyingine ndiyo iliyosimama pale stesheni.

7/ Mbona nasisitiza haya? Kwa sababu tafsiri ya neno "kuchelewa" ni pesa. Penye mkataba wa faini au marupurupu, ndiyo inayoamua nani analipa. Uingereza, kampuni nyingi hulipa abiria fidia kuanzia dakika 15 za kuchelewa. Na kwa mtu wa kibarua anayepanda treni ya alfajiri, msimamizi getini hana dakika 5 za msamaha. Akifunga, siku imeenda.

8/ Kwa hivyo mtu akikupa asilimia, iwe ni wa serikali ama upinzani, usipige makofi wala usizomee kwanza. Muulize:
- Kuchelewa ni kuanzia dakika ngapi?
- Kumepimwa vituo vyote ama cha mwisho?
- Ratiba imebadilishwa?
- Zilizofutwa zimehesabiwa?
- Ni treni ama ni abiria?
- Nani alipima, na saa zenyewe tunaweza kuziona?

9/ Kwangu, hilo la mwisho ndilo zito. Wakichapisha saa ya ratiba na saa halisi ya kila treni, kila kituo, hatutahitaji kuamini mtu. Tutapiga hesabu wenyewe.

Mwisho wa uzi. Mshirikishe yule wa kubishana kila jioni.